Paa la banda linavuja pale linapogusana na ukuta wa nyumba: tutalitibu vipi kabla ya masika?

Stoo_ya_Kimara

Wakuu, naomba tujadiliane hili kabla mvua hazijaanza. Banda la stoo, urefu wake ukutani ni 6 m, bati zinashuka 3 m kwenda nje. Bati ni za mgongo mdogo, geji 30 (kipimo cha unene, namba ikiwa kubwa bati ni jembamba), kila moja nzima bila kiungo katikati. Kwa juu zimesukumwa mpaka zikagusa ukuta wa nyumba, tofali za inchi 6 zilizopigwa lipu. Kwenye ile kona fundi kapaka saruji kwa mwiko, mwanzo hadi mwisho. Sasa saruji ina ufa mwembamba urefu wote, upande wa bati.

Mvua ikinyesha maji yanateremka ukutani kwa ndani, doa linaanzia kama sentimita 20 chini ya bati. Mvua ikikata, matone yanaendelea karibu saa nzima. Mmoja kasema nipake silikoni, mwingine lami, wa tatu kasema ng'oa yote. Kimo cha banda juu ni 2.60 m, chini 2.20 m.

fundi_papi

Umeleta vipimo mkuu, hapo kazi nusu imeisha.

Anza na hayo matone ya saa nzima. Ufa ukipitisha maji, hupitisha wakati mvua inanyesha, na mvua ikikata nao unakata baada ya dakika chache. Matone yakiendelea muda mrefu maana yake kuna mahali maji yamehifadhiwa, na hapo kwako ni ndani ya lipu na tofali. Lipu inakunywa maji juu ya ile saruji, maji yanashuka ndani ya ukuta nyuma ya saruji, yanatokea chini kwa ndani. Kwa hiyo una njia mbili za maji, na ukiziba ufa peke yake ya pili itakuchekelea.

Saruji kwenye bati haidumu, hata aliyeipaka awe nani. Chuma kinatanuka kama 0.012 mm kwa kila mita kwa kila nyuzi moja ya joto. Bati la 3 m likitoka kwenye ubaridi wa alfajiri hadi jua la saa nane mchana, tofauti ya nyuzi 40, linarefuka karibu milimita moja na nusu. Usiku linarudi. Ongeza upepo unaolinyanyua na papi, zile mbao zinazobeba bati, zinazosinyaa zikikauka. Saruji inang'ang'ania ukuta kwa sababu ukuta una vinyweleo, inaachia bati kwa sababu bati ni laini. Ufa ukishafunguka upande wa bati unageuka mdomo: ile saruji yenye mgongo mzuri inayakusanya maji ya ukutani na kuyaelekeza pale pale palipo wazi.

Usinunue kitu bado. Chukua mpira wa maji siku ya jua, mtu mmoja akae ndani na tochi. Anza chini, mwagia bati tu, mita moja kutoka ukutani, dakika 10. Kisha panda kwenye viungo vya ubavuni, bati kwa bati. Kisha kona yenye saruji. Mwisho kabisa ukuta wenyewe, kama 30 cm juu ya saruji. Ukianzia juu maji yatashuka yaloweshe kila kitu na hutajua lolote.

Pima_Maji

Naongezea kabla ya kumwagia: angalia alfajiri siku isiyo na mvua. Kama chini ya bati kuna matone yaliyotapakaa paa zima, huo ni mvuke uliogeuka maji kwenye bati baridi, haihusiani na kona wala ufa. Stoo iliyofungwa, yenye magunia au sakafu mbichi, hufanya hivyo sana. Dawa yake ni hewa kupita.

Stoo_ya_Kimara

Nimejaribu. Alfajiri kukavu. Bati katikati: kavu, isipokuwa misumari miwili iliyonyanyuka. Viungo vya ubavuni: kavu. Kona: matone ndani ya dakika 2. Ukuta juu ya saruji: kimya kwanza, kama dakika 15 baadaye doa likaanza kukolea.

fundi_papi

Basi ni njia zote mbili. Inabidi saruji itoke na pawekwe fleshingi, ile bati iliyokunjwa inayopanda ukutani na kulala juu ya paa, na ncha yake ya juu iingie *ndani* ya ukuta. Neno ndani ndilo zito hapo. Fleshingi iliyopigwa misumari juu ya lipu na kupakwa silikoni kwa juu haizuii maji yaliyo ndani ya lipu, yanapita nyuma yake.

Bintilami

Samahani wakuu, kwani silikoni nzuri ya bei haiwezi kushika? Au lami ya maji, unapaka mikono mitatu na kitambaa cha nyavu katikati?

Grenda45

Silikoni kwanza. Fungua kopo unuse. Ikiwa na harufu ya siki, hiyo inatoa asidi inapokauka, na asidi hiyo inakula zinki. Miezi michache tu unaona unga mweupe, halafu kutu, chini ya ule mstari uliodhani unalinda bati. Hiyo ni ya vioo na vigae. Ya bati iandikwe kuwa haina asidi, au chukua silanti (gundi ya kuzibia) ya poliyurethani, ambayo inanyumbuka na inapakika rangi.

Lami na nyavu ni nzuri kama kiraka, ila ina masharti. Lipu isuguliwe kwa brashi ya waya mpaka ikome kutoa vumbi, bati lioshwe, mkono wa kwanza uwe lami iliyozimuliwa ili inywewe na lipu. Nyavu iende kama 15 cm kila upande wa kona na isivutwe ikakaza, iachwe na ulegevu kidogo pale konani ili bati likicheza isichanike. Watu huivuta kama kitambaa cha ngoma, kisha wanashangaa imekatika katikati. Na jua la juu ya bati linaikausha lami mpaka inapasuka vigae vigae, kwa hiyo ni kazi ya kurudia rudia. Kwa ufa wa Stoo_ya_Kimara itazuia njia ya kwanza tu. Ile ya kupitia ndani ya lipu inabaki.

Kuna na lile povu la kopo la kupuliza. Hilo sahau. Jua linaligeuza unga wa njano, na likishachubuka linakunywa maji.

fundi_papi

Sasa swali linaloamua kila kitu: hilo banda limeshikana na nyumba, au lina nguzo zake? Papi ya juu kabisa imefungwa kwa bolti ukutani au imekaa juu ya nguzo?

Stoo_ya_Kimara

Nguzo zake, za mbao 4x4, zimesimama karibu na ukuta lakini hazijafungwa. Papi ni 2x3, zimelazwa ubapa. Papi ya juu ipo kama 12 cm kutoka ukutani.

fundi_papi

Basi fleshingi ya vipande viwili. Nyumba ina msingi wake, banda lina wake, kila kimoja kitakaa ardhini kwa namna yake, na upepo ukipiga banda linatikisika peke yake. Kipande cha chini kinafungwa kwenye paa na kupanda ukutani bila kufungwa ukutani. Kipande cha juu kinaingia ukutani na kuning'inia mbele ya kile cha chini, hakigusi paa. Banda likishuka sentimita au likiyumba, vipande vinapishana na maji hayapati njia.

Grenda45

Hapo nakubali kwa sababu ya nguzo. Ila wasomaji wengine wasidhani ni lazima kila mahali. Kama papi ya juu imefungwa ukutani kwa bolti na bati ni fupi, 3 m au 4 m, kipande kimoja kinatosha na kinaokoa bati. Hapo unakunja 25 mm inaingia ukutani, 150 mm inapanda, 200 mm inalala juu ya paa, na 25 mm mdomo wa kuinamia chini. Jumla 400 mm. Pleni shiti, yaani bati bapa lisilo na migongo, moja ya 1.2 m kwa 2.4 m inatoa vipande vitatu vya hivyo bila kubakiza hata utepe, na vitatu vikipishana 15 cm vinafunika 6.9 m.

fundi_papi

Sawa kabisa. Kwa vipande viwili hesabu ya ukuta wa 6 m ni hii. Cha chini: 150 mm kupanda, 220 mm kulala, 30 mm mdomo, jumla 400, shiti moja inaisha. Cha juu: 25 mm ndani ya ukuta, 100 mm kuning'inia, 15 mm mdomo uliokunjwa kutoka nje kidogo, jumla 140. Shiti ya pili unakata vitatu vya 140 na zaidi ya nusu yake inabaki, itatumika kwa kabari za kubana fleshingi ukutani na viraka vya misumari miwili ile. Geji 28, usichukue 30 kwa fleshingi, inajikunja ovyo kwenye upepo na inabonyea ukikanyaga.

Stoo_ya_Kimara

Nikikunja mwenyewe inawezekana? Na hiyo saruji nitaitoaje bila kutoboa bati?

Grenda45

Kukunja: chora mstari kwa msumari pande zote mbili, bana shiti kati ya vyuma viwili vya pembe, au mbao mbili za 2x4 zilizonyooka, kwa klempu. Piga kwa nyundo ya mbao au weka kipande cha mbao kati ya nyundo na bati. Usikunje sehemu moja mpaka mwisho ukahamia nyingine. Pita urefu wote nyuzi 20, rudi tena, rudi tena, vinginevyo bati linajipinda kama ulimi. Pembe ya chini usiiweke 90. Paa lako linashuka 40 cm kwa 3 m, ni kama nyuzi 7 na nusu, kwa hiyo kati ya ukuta na paa kuna nyuzi 97 hadi 98. Acha 100 ili ulalo wake uchukue mkazo ukiukandamiza. Karakana zenye mashine ya kukunjia watakufanyia haraka ukiwapelekea mchoro wenye vipimo, na ni afadhali.

Kukata bati tumia mkasi. Grenda, ile mashine ya diski, inachoma rangi na zinki ya pembeni, na zile cheche ni chembe za chuma moto zinazonata juu ya bati zima. Ndani ya wiki kuna madoa ya kutu kama ndui.

Saruji: gonga kwa tindo bapa ukielekeza ukutani, kamwe usielekeze chini kwenye bati. Vunja vipande vya urefu wa kiganja. Geji 30 ni nyembamba, pigo moja la tindo limepita.

fundi_papi

Saruji ikitoka utakuta bati limegusa ukuta. Hapo ndipo pana kitu ambacho wengi wanakiruka. Ncha ya juu ya kila bati, kwenye bonde, inatakiwa ikunjwe kwenda juu. Chukua koleo bapa, shika ukingo wa bonde, inua polepole mpaka iwe kama kijiko. Upepo wa mvua ukisukuma maji juu ya paa, na kwa mteremko wa nyuzi 7 unayasukuma kweli, yanagonga kile kijiko na kurudi. Bila hivyo yanapanda chini ya fleshingi na kudondoka ndani, na utalaumu fleshingi bure.

Kwa bati za mgongo mdogo mteremko unaoshauriwa ni nyuzi 10 na kuendelea. Wako ni mdogo, umeokolewa na bati kutokuwa na kiungo katikati. Kwa hiyo hiki kijiko kwako si urembo.

Ili koleo liingie unahitaji nafasi ya 2 cm. Njia rahisi: ng'oa misumari, shusha kila bati 2 cm. Chini nako unapata 2 cm zaidi za kudondoshea maji.

Grenda45

Angalia hapo kwenye matundu. Bati likishuka 2 cm, matundu ya zamani yanashuka nalo. Papi ya 2x3 iliyolazwa ina upana wa karibu 75 mm, tundu lililokuwa katikati bado lipo juu ya mbao, salama. Mwenye papi za 2x2 atajikuta skrubu iko ukingoni, mbao inapasuka. Huyo atoboe mapya na kuziba ya zamani kwa skrubu fupi yenye raba, au akate ukingo wa juu kwa mkasi badala ya kushusha.

Na usirudishe misumari. Skrubu za bati zenye raba, juu ya mgongo, si bondeni. Kaza mpaka raba ijitokeze kidogo pembeni mwa washa. Ikibaki inazunguka, haijakaza. Ikijikunja na kupasuka, umeipita, na hiyo nayo inavuja.

Bintilami

Na mapengo kati ya fleshingi na mabonde? Nimeona wanajaza sponji.

Grenda45

Sponji ya godoro inakunywa maji, inakaa mbichi juu ya bati, inakula zinki kutoka chini ambako huoni. Kuna vipande vya povu jeusi visivyonyonya maji, vilivyokatwa kwa umbo la migongo. Hakikisha vinalingana na bati lako. Usipovipata, tengeneza ule mdomo wa fleshingi: weka alama kila bonde, kata mdomo kwa mkasi pale migongo inapopita, kisha kandamiza kila ulimi uingie bondeni. Kazi ya nusu siku kwa 6 m, migongo iko karibu 79 kwa nafasi ya 76 mm. Usizibe kabisa kwa silanti hata hivyo. Maji machache yatakayoingia yanatakiwa yapate pa kutokea.

fundi_papi

Sasa mkato wa ukutani, maana ndiyo kazi yenyewe.

Weka fleshingi ya chini mahali pake, ipande ukutani 15 cm. Juu yake kama sentimita moja na nusu piga mstari wa uzi kwa pima maji. Kabla ya kukata gonga ukuta na uulize nyaya na mabomba yamepita wapi. Ukikutana na lenta (mkanda wa zege ukutani) usikate kina, kuna nondo. Grenda ya inchi nne na nusu, diski ya almasi, miwani na barakoa. Kata mistari miwili, moja chini ya nyingine kwa 10 mm, kina 30 mm ukihesabu na lipu. Grenda uishike ikiinamia kiasi kwamba ndani ya mkato pawe juu kuliko nje, nyuzi tano tu. Maji yakiingia yatoke, yasitulie humo. Kati ya mistari toa kwa tindo jembamba. Piga brashi, puliza vumbi, halafu lowesha kwa kitambaa na uache pakauke. Silanti kwenye vumbi haishiki ukuta, inashika vumbi.

Lipu iliyo chini ya mkato ikilia ngo ngo ukiigonga, imeachia tofali. Itoe, ipigwe upya, usubiri ikauke. Ukikata juu ya lipu iliyoachia, maji ya juu yatapita nyuma yake kama mwanzo.

Fleshingi ya juu: ile 25 mm inayoingia ikunje ncha yake 8 mm irudi nyuma, iwe kama ndoano. Isukume ndani, ikae. Kila sentimita 40 au 50 kandamiza kabari: kipande cha bati cha upana wa vidole viwili kilichokunjwa mara tatu, kinagongwa kwa kipande cha mbao. Kabari ndiyo inayoshika. Silanti haishiki chochote, kazi yake ni kufunga mdomo. Ukitegemea silanti ibebe fleshingi, kusi ikianza kuvuma utaisikia inapiga makofi usiku.

Jaza silanti ya poliyurethani 10 mm kwa 10 mm. Kopo la 300 ml linajaza 3 m za hivyo, kwa hiyo makopo mawili ya mkato na moja la viungo. Laza kwa kidole kilicholowa maji ya sabuni, iinamie nje.

Mwana_wa_Kibokoni

Wandugu, na huku kwetu kuta za matumbawe na chokaa mwafanyaje? Ukuta hauna mstari ulionyooka hata mmoja.

fundi_papi

Kwa ukuta wa matumbawe usitumie grenda kwa kina. Chokaa ya zamani ni laini, grenda inang'oa mawe mazima. Tafuta kiungo cha chokaa kati ya mawe, kikwangue kwa tindo na mkono. Fleshingi ikate fupi, mita moja moja au pungufu, ifuate mawimbi ya ukuta, zipishane 15 cm. Kujaza tumia chokaa na mchanga, moja kwa tatu, usitumie saruji. Saruji ni ngumu kuliko ukuta, inafungia unyevu na chumvi ndani, kisha lipu ya chokaa inamenyuka pembeni yake.

Na kabla hujagusa nyumba ya Lamu au Mji Mkongwe wa Zanzibar ulizia kibali. Mji Mkongwe uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2000, Lamu tangu 2001, ukuta wa nje si wa kuchanwa tu.

Grenda45

Pamoja na hilo: chokaa mbichi na saruji mbichi zote zina magadi makali yanayokula alumini, na bati nyingi za siku hizi ni za mchanganyiko wa alumini na zinki. Sehemu itakayofunikwa na chokaa ipake lami kwanza, pande zote, na iache ikauke.

Mwana_wa_Kibokoni

Ahsanteni. Lami ile ile nyeusi ya msingi?

Grenda45

Hiyo hiyo.

Pima_Maji

Wakuu, tumezungumzia ukuta wa juu. Kuna wale ambao bati linapita ubavuni mwa ukuta, mteremko ukienda sambamba na ukuta. Huko kanuni inabadilika. Fleshingi ifunike migongo miwili kamili ndipo ishuke bondeni. Ikifunika mmoja tu, bonde la karibu na ukuta likijaa maji yanavuka mgongo. Viungo vya fleshingi vianzie chini kwenda juu, kipande cha juu kilalie cha chini, kama bati zenyewe. Na mwisho wa chini, pale paa linapoishia, kunja kibati kidogo cha kusukuma maji yaangukie kwenye gata (mfereji wa maji ya paa), la sivyo yanateremkia ukutani na baada ya miaka unaona mstari wa kijani.

Lililo baya kuliko yote ni banda linaloteremkia *kwenye* ukuta wa nyumba. Hapo fleshingi haitoshi, unahitaji gata la kati. Lisipungue 30 cm upana, mguu uingie ukienda kulisafisha, maana majani ya mwembe yataingia. Mteremko 1 cm kwa kila mita. Na lazima liwe na tundu la dharura upande wa nje, chini kidogo ya ukingo unaoelekea ndani, ili bomba likiziba maji yamwagike nje badala ya stoo.

Stoo_ya_Kimara, paa la nyumba kubwa linamwaga wapi? Kama linamwaga juu ya hilo banda, piga hesabu. Upande wa paa wa 8 m kwa 4 m ni mita za mraba 32. Mvua ya 50 mm kwa saa inaleta lita 1,600 kwa saa, zote zinaangukia mstari mmoja, pale pale kwenye fleshingi mpya.

Stoo_ya_Kimara

Linamwaga juu ya banda, ndiyo. Halina gata.

fundi_papi

Hilo ulitakiwa useme mwanzo, ha ha. Weka gata kwenye nyumba kubwa na bomba lishuke mpaka chini, lisiishie juu ya banda. Ikibidi liishie juu ya banda kwa muda, weka kiwiko mwishoni kielekeze maji chini ya mteremko, si kuelekea ukutani, na chini yake laza kipande cha shiti kilichobaki ili maji yasichimbe zinki sehemu moja.

Ukianza na gata, huenda hata ule mdomo wa saruji ungevuja robo tu. Lakini ufa utaendelea kukua, kwa hiyo fanya vyote.

Bintilami

Na mwenye banda linalovuja leo mvua ikiwa inanyesha?

Grenda45

Tepu ya lami yenye uso wa alumini, upana wa 15 cm. Subiri mvua ikate hata saa mbili, kausha lipu kwa kitambaa, paka lami iliyozimuliwa, ikishakauka hadi inanatanata tu, bandika. Nusu ukutani nusu kwenye bati, kandamiza kila bonde kwa kidole gumba. Kwenye lipu mbichi haishiki hata ukiipigia magoti. Itakuvusha msimu.

Usipande juu ya bati zikiwa zimelowa. Na hata zikiwa kavu kanyaga pale penye mstari wa skrubu tu, chini yake kuna papi, au laza ubao unaovuka papi mbili.

Stoo_ya_Kimara

Orodha ya kwenda nayo dukani, mnikosoe: pleni shiti geji 28, mbili. Silikoni makopo matatu. Misumari ya bati kilo moja. Ribiti (pini za kuunga bati kwa bati) 25. Povu la kujazia migongo, 6 m. Lami kopo dogo. Diski ya almasi moja. Gata 8 m.

fundi_papi

Silikoni futa, andika silanti ya poliyurethani, tatu, za 300 ml. Misumari futa, andika skrubu zenye raba. Za fleshingi unafunga kila mgongo wa tatu, ni 27, na kwa bahati papi yako ya juu iko 12 cm kutoka ukutani, skrubu zitaingia kwenye mbao. Chukua 30, na za kurudishia bati ulizoshusha uhesabu matundu ya sasa. Urefu uwe wa kupita kimo cha mgongo na kuingia kwenye mbao si chini ya 25 mm.

Ribiti ni za kuunga fleshingi kwa fleshingi tu, nafasi ya 5 cm, na mistari miwili ya silanti katikati ya bati mbili *kabla* ya kufunga. Ukipaka juu baada ya kufunga ni rangi tu. Usitumie ribiti kufunga fleshingi kwenye paa, ribiti ya kawaida ina tundu katikati.

Gata 8 m sawa, ongeza bomba la kushukia, viwiko viwili na vishikio kila nusu mita hadi sentimita 60.

Grenda45

Na diski chukua mbili. Lipu ya mchanga mwingi inaimaliza moja kabla ya mita ya sita.